Uzi maalum wa GMAT kwa tulio Dar: masharti yanayokula hela za watu na namna ya kujiandaa ukiwa na kazi

Kapuku Msomi
Wakuu habari za jioni. Uzi huu niliuahidi zamani nikawa napiga danadana, leo mvua imenifungia ndani huku Kimara Mwisho basi ngoja niushushe.

GMAT, ule mtihani wa kuombea MBA (masta ya biashara), nimelipia mara tatu ila nimefanya mara mbili. Hiyo moja ya katikati wala haikunipiga kwa hesabu. Nilibuki ya onlaini, ikaja orodha ya saa, nikaona 3:00 nikasema safi, saa tatu asubuhi, nishakunywa chai, watoto wapo shule, mtaa umetulia. Siku yenyewe nimeamka nimeoga nimevaa shati la bahati nafungua laptopu saa mbili na nusu asubuhi nakuta mtihani ulishapita saa tisa usiku nikiwa nakoroma. Hiyo 3:00 ni ya kizungu wakuu, na onlaini wanapanga watu mchana na usiku. Hela haikurudi. Wife mpaka leo nikimuuliza saa ngapi ananijibu "ya kwetu au ya GMAT?"

Sasa nimeona humu kila anayeuliza anauliza hesabu ngumu kiasi gani, hakuna anayeuliza masharti, wakati masharti ndo yanayomaliza watu kabla hata ya swali la kwanza. Nitasema ninayoyajua, waliofanya waongezee.

Kwanza kabisa mtihani umebadilika. Toleo jipya lilianza Novemba 2023 na la zamani likazikwa mwisho wa Januari 2024. Sasa hivi ni seksheni tatu, kila moja dakika 45: Kwanti (hesabu) maswali 21, Vebo (kusoma na kupima hoja kwa kingereza) maswali 23, na Data Insaiti (kuchambua taarifa na takwimu) maswali 20. Jumla saa mbili na robo, na katikati kuna mapumziko ya dakika 10 ukitaka. Insha hamna tena. Kusahihisha sarufi hamna. Jiometri hamna, zile pembe tatu zako za Form Three ziache zilale. Unachagua mwenyewe uanze na seksheni gani. Alama zinaanzia 205 mpaka 805 na zote zinaishia na 5. Kila seksheni ina alama zake 60 mpaka 90 na zote tatu zina uzito sawa, hapo pigia mstari mwekundu maana nitaparudia.

Bei inatofautiana nchi na nchi, Marekani ni dola 275 ukienda kituoni na 300 ukifanyia nyumbani, ya kwako utaiona mba.com, tovuti ya wenye mtihani, kabla hujalipa. Kadi yangu ya benki iligoma mpaka nilipopiga simu wakafungulia malipo ya nje, fanya hilo mapema usije ukahangaika usiku wa mwisho.

Mara ya kwanza nilipata 555, ya mwisho 645. Sio ya kujigamba ila imenifikisha nilipotaka. Karibuni.

Ngumu Kumeza
Hahahaaa saa tisa usiku mkuu ulikuwa unakoroma kwa dola 300. Natia nanga hapa.

Mkandarasi wa Tabata
Asante kwa uzi mkuu. Mimi nina injinia yangu ya Mlimani, hesabu kwangu sio tatizo, nafikiri wiki mbili zinanitosha. Nimepata na kitabu kizuri pale Posta kwa wauza vitabu vya zamani, elfu kumi tu, kinene kama tofali.

Kapuku Msomi
Mkuu hicho kitabu angalia mwaka kwanza. Kama ni cha kabla ya hapo 2023 basi utajikuta unasoma jiometri na sarufi wiki nzima bure. Sio cha kutupa, maswali ya aljebra na ya kusoma ufahamu yanafaa, ila usikifuate ukurasa kwa ukurasa.

Na hiyo ya injinia nakuomba uishushe chini kidogo. Hesabu zenyewe ni asilimia, uwiano, kasi, namba tasa, wastani, uwezekano, ni Basic Maths ya O-level. Ila Kwanti hawakupi kikokotoo, kikokotoo kipo kwenye Data Insaiti peke yake na ni cha kwenye skrini. Una kama dakika mbili na sekunde nane kwa swali. Injinia aliyezoea kikokotoo cha sayansi miaka kumi, mwambie 17 mara 24 kichwani uone jasho.

Bi Hisabati
Nakubaliana na Kapuku. Nafundisha hesabu Temeke mwaka wa kumi na moja huu na nimesaidia watu wazima watatu kujiandaa. Kinachowaangusha watu wa hesabu ni kutaka kukokotoa kila kitu. Kuna aina ya maswali, zamani yalikuwa kwenye hesabu sasa yamehamishiwa Data Insaiti, yanaitwa Data Safishensi. Hawakuulizi jibu, wanauliza taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu au hazitoshi.

Mfano nimetunga mwenyewe. Mama ntilie kauza sahani 40, wali kuku sh 4,000 na wali maharage sh 2,500. Aliuza sahani ngapi za kuku? Taarifa ya kwanza: mauzo yote ni sh 124,000. Taarifa ya pili: sahani za maharage zilikuwa nyingi kuliko za kuku.

Machaguo ni yale yale siku zote: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake inatosha, mpaka uziunganishe, kila moja inatosha yenyewe, au hata ukiunganisha hazitoshi. Mkandarasi nakusubiri.

Mkandarasi wa Tabata
Mwalimu hiyo rahisi, sahani za kuku ni 16. 16 mara 4,000 ni 64,000, 24 mara 2,500 ni 60,000, jumla 124,000. Na maharage 24 ni nyingi kuliko 16 kwahiyo zote mbili zinakubaliana, jibu mpaka uziunganishe.

Bi Hisabati
Umepata 16 na umekosa swali kaka yangu. Ya kwanza peke yake ilishatosha, ya pili haikuongeza kitu. Na hata hiyo 16 hukutakiwa kuitafuta. Ukishaona unaweza kuandika mlinganyo wenye kisichojulikana kimoja unaondoka, hesabu unamwachia mama ntilie mwenyewe.

Haya jaribu na hii. Mtoto kanunua chapati za sh 500 na maandazi ya sh 300, katumia sh 1,900 zote. Kanunua chapati ngapi? Taarifa hiyo moja tu, inatosha au haitoshi?

Mkandarasi wa Tabata
Haitoshi, visivyojulikana viwili, mlinganyo mmoja. Hapo nimekukamata mwalimu.

Ngumu Kumeza
Mimi nimeenda nayo kienyeji, nimehesabu kwa vidole. Chapati moja inabaki 1,400, haigawanyiki kwa 300. Mbili inabaki 900, maandazi matatu. Tatu inabaki 400 hapana. Hamna chapati kabisa, 1,900 kwa 300 hapana. Kwahiyo ni mbili tu, inatosha. Nimekosea wapi?

Bi Hisabati
Hujakosea popote. Huwezi kununua nusu chapati, hilo ndo sharti lililojificha. Mkandarasi amekariri kanuni, Ngumu Kumeza amenunua chapati.

Mkandarasi wa Tabata
Daah. Wiki mbili nimezifuta, naomba miezi.

Kapuku Msomi
Hii Data Safishensi wenyewe tukiwa kwenye kundi letu la kusomea tulikuwa tunaiita Msafisho, maana inakusafisha kweli. Ukiacha hiyo, Data Insaiti ina majedwali, ina grafu, ina maswali ya kusoma kurasa mbili tatu tofauti ukalinganisha, na swali moja linaweza kuwa na vipengele vitatu, ukikosa kimoja swali zima limekwenda. Ndo maana nilisema uzito sawa pigia mstari. Mimi mara ya kwanza nilisoma Kwanti usiku na mchana, Data nikaiona kama nyongeza, ikanila.

Mama Wawili Mwenge
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi nahofia lugha. Nimesoma shule za kata mpaka chuo, kingereza cha kazini nakiweza ila sio cha mbwembwe. Hiyo Vebo nitaiweza kweli? Halafu onlaini nyumbani na watoto wawili inakuwaje?

Kapuku Msomi
Marahaba wewe, ila dada nadhani tunalingana.

Kwenye lugha ondoa hofu kidogo. Sarufi ilishatolewa, maneno magumu ya kukariri hayapo, hiyo ni mambo ya GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea masomo ya juu. Vebo imebaki kusoma habari ukaelewa, na kupima hoja. Kupima hoja ni kitu tunafanya kila siku kwenye daladala. Kwa mfano mtu akuambie: "Tangu mwendokasi ianze 2016 daladala za Kimara kwenda mjini zimepotea barabara ya Morogoro, hii inaonyesha abiria walizikimbia kwa sababu mwendokasi ni nzuri zaidi." Swali: kitu gani kinadhoofisha hoja hiyo? Sisi wa Kimara tunajua jibu, daladala ziliondolewa kwenye ile njia, hamna abiria aliyeulizwa anapenda nini. Sasa ukiikuta kwa kingereza kuhusu kiwanda cha jibini sijui wapi huko akili ni ile ile. Tafuta kile ambacho mwandishi amekiruka kimya kimya.

Kusoma kwa haraka ndo kunahitaji muda. Kila siku nusu saa soma makala ndefu ya kingereza kuhusu kitu usichokipenda kabisa, miamba, historia ya kodi, wadudu, kisha ufunge ujiulize huyu alikuwa anabishana na nani. Miezi miwili utaona tofauti.

Onlaini sasa. Chumba unakuwa peke yako, mlango umefungwa, mtu akiingia tu msimamizi anaweza kuusitisha mtihani. Wanakagua chumba kwa kamera kabla ya kuanza, meza iwe tupu. Skrini moja tu. Karatasi na peni hairuhusiwi, badala yake unaruhusiwa ubao mweupe mmoja usiozidi inchi 12 kwa 20, maka pen mbili na kifutio kimoja, au utumie ubao wa kwenye skrini. Uso usitoke kwenye kamera. Na usisome kwa sauti! Mimi nina tabia ya kunong'ona nikisoma, ilibidi nifanye mazoezi na peremende mdomoni.

Mama Wawili Mwenge
Basi watoto wataenda kwa bibi yao Mbagala siku hiyo. Umeme je? Huku kwetu unakatika bila hodi.

Kapuku Msomi
Laptopu iwe na betri ya kukaa saa tatu, uijaribu kweli usiamini maandishi ya kwenye boksi. Intaneti iwe na betri yake pia, ukitegemea ruta ya ukutani umeme ukienda na mtandao umeenda. Na usitumie laptopu ya ofisini, zile zina ulinzi wao unaozuia programu ya mtihani kufunguka, fanya ile jaribio la mfumo siku kadhaa kabla kwenye kompyuta ile ile, chumba kile kile. Kwa anayeona presha nenda kituoni, ukibuki mfumo unakuonyesha vyenye nafasi. Mimi ningekuwa na bar jirani kama watu wa Sinza nisingewaza mara mbili, kituoni.

Pwani Ndogo
Wakuu jina nalo. Pasipoti yangu ina majina matatu, vyeti vina mawili, NIDA jina la kati limeandikwa tofauti herufi moja. Nijisajili na lipi?

Kapuku Msomi
Swali la dhahabu hili. Jisajili kama ilivyo kwenye kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani, herufi kwa herufi, na mimi nakushauri kiwe pasipoti na isiwe imeisha muda. Vyeti vya shule hawaviulizi siku hiyo. Kuna jamaa yangu alijisajili kwa jina analotumia kazini, alirudishwa mlangoni na hela ikaenda. Angalia pia umeweka jina la ukoo kwenye sehemu ya ukoo maana sisi tunapenda kuanza na la ukoo kama kwenye daftari la mahudhurio.

Kubadili tarehe inaruhusiwa kwa kulipia, na kadri siku inavyokaribia ndo faini inapanda. Zikibaki saa 24 huwezi tena. Kurudia mtihani lazima zipite siku 16, na ndani ya miezi 12 mwisho mara tano. Majibu yanadumu miaka mitano.

Nguli wa Mitihani
Wanaotaka maswali ya GMAT ya mwezi huu njooni inbox. Uhakika 100%. Nakufikisha 700 usipofika hela yako inarudi. Wahi nafasi chache.

Kapuku Msomi
Wakuu mmeona? Alama 700 haipo. Ipo 695 na ipo 705. Huyu hata mtihani wenyewe hajawahi kuusogelea.

Na hata kama angekuwa nayo kweli. Maswali yanabadilika kulingana na unavyojibu, ukipata linakuja gumu zaidi, watu wawili waliokaa meza jirani hawafanyi mtihani mmoja. Halafu kabla ya kuanza kuna mkataba wa kutotoa siri unapewa dakika mbili kuukubali, zikipita mtihani umeisha na hela hurudishiwi, kwahiyo hapo usikae unatafakari. GMAC, wenye mtihani, waliishtaki tovuti ya Scoretop iliyokuwa inauza maswali ya kweli, 2008 mahakama Marekani ikaamua walipwe zaidi ya dola milioni 2, na watu 84 walioitumia wakafutiwa alama. Kuna waliokuwa tayari wako vyuoni. Mods naomba mumwondoe huyu.

Ngumu Kumeza
Mkuu Nguli usafishwe kwanza wewe na Msafisho 😂

Kisamvu cha Nazi
Kapuku umesema ulitoka 555 ukaja 645, ulibadilisha nini hasa? Mimi naona nafanya maswali mia kwa wiki na nipo pale pale.

Kapuku Msomi
Hapa ndo nilipotaka kufika.

Mara ya kwanza na mimi nilikuwa wa maswali mia. Nilikuwa nafanya, naangalia jibu, nasema "aaah nilijua hii", naenda mbele. Baada ya kuanguka nikachukua daftari, kila nililokosa naliandika, na pembeni naandika kwanini kwa maneno yangu, ila nikajikataza kuandika "uzembe". Uzembe sio sababu. Niliandika vitu kama "nimejibu walichouliza mwanzo wa sentensi sio mwisho", "nimesahau sifuri", "nilijua silijui ila nikaona aibu kuliacha". Baada ya mwezi nikayahesabu, kati ya makosa 60 na kitu, ambayo kweli sikuijua hesabu yake hayakufika 20. Mengine yote ni mimi na tabia zangu.

Na hiyo ya aibu ndo ilikuwa kubwa kuliko zote. Mtihani wa kwanza kuna swali la mchanganyiko wa maji na juisi nililikalia dakika kama sita hivi. Nilikuwa nalijua! Nimelifanya mara kumi nyumbani, sasa kwanini halitoki, nikaligeuza huku na huku kama mtu anayetafuta funguo mfukoni wakati gari linaondoka. Matokeo yake mwisho nikaacha manne sijayagusa, na usipomaliza kuna adhabu, inaumiza kuliko kukosa. Kukosa hakuna alama za kukatwa kwahiyo bora ubahatishe kuliko kuacha wazi.

Mara ya pili nikajiwekea sheria. Dakika mbili na nusu zikifika sioni njia, nabonyeza herufi yoyote, naweka alama ya kurudi, nakwenda. Mtihani huu mpya unakuruhusu mwishoni ukishajibu yote urudi, ila unaweza kubadilisha majibu matatu tu kwa kila seksheni, na ni kama muda umebaki. Kwahiyo ukiweka alama kumi na mbili umejidanganya, chagua matatu unayojua ukipewa dakika moja yanatoka. Hii ya kuachia swali niliifanyia mazoezi kama mtu anayejifunza kuacha sigara, nyumbani naweka saa, ikilia naachia hata kama nimebakiza mstari mmoja. Roho inauma mnoo wiki ya kwanza.

Vifaa: mba.com wana mitihani miwili ya majaribio ya bure, ile ndo inafanana na wa kweli. Wa kwanza fanya mwanzoni kabisa ujue ulipo, wa pili ufiche mpaka wiki mbili za mwisho, usiichome yote siku moja kama nilivyofanya. Mingine ya kwao ni ya kulipia. Tovuti ya GMAT Club kuna maswali ya bure kibao na watu wanabishana njia za kujibu, mimi nilikuwa nasoma mabishano zaidi ya majibu. Ratiba yangu: saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili na nusu, Jumamosi Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi nusu siku. Miezi minne. Jioni nilijaribu nikashindwa, ukishatoka kazini ukasimama mwendokasi kutoka Posta, aljebra haiingii.

Kisamvu cha Nazi
Hiyo ya kujua lakini naona aibu kuacha umenisema mimi mkuu, mpaka nimeangalia nyuma.

Pwani Ndogo
Na GRE je? Naambiwa ni rahisi.

Bi Hisabati
Jiometri ipo na msamiati mgumu upo, ila kikokotoo unaruhusiwa kwenye hesabu na unaweza kurudi nyuma ndani ya seksheni bila hesabu ya mara ngapi. Tangu Septemba 2023 nayo imefupishwa, haifiki saa mbili. Shule nyingi kubwa za MBA zinapokea yoyote kati ya hizo. Anza na ukurasa wa udahili wa shule unayoitaka kabla hujatoa senti, kuna programu hazihitaji mtihani wowote na watu wamejichosha bure.

Kapuku Msomi
Nyongeza ndogo, ukimaliza unaona alama zako zisizo rasmi pale pale kwenye skrini, rasmi zinakuja kawaida siku 3 mpaka 5. Ukishaziona ndo unachagua shule tano za kutumiwa bure, na shule inaona ile tu uliyoituma. Hiyo 555 yangu hakuna shule inayoijua, mnaijua nyie na wife.

Mkandarasi wa Tabata
Wakuu nimerudi, wiki ya tatu hii. Daftari la makosa limefika kurasa kumi na nne, mwalimu umeniharibia usingizi. Nimeshabuki, miezi mitatu ijayo, saa 9:00.

Kapuku Msomi
9:00 ipi?

Mkandarasi wa Tabata
Saa tatu asubuhi mkuu, nimehakikisha mara nne, na mke wangu amehakikisha.

Kapuku Msomi
Safi. Na jina umeandika kama lilivyo kwenye pasipoti?

Mkandarasi wa Tabata
Ngoja nakuja.